Mistari Minne Iliyoniletea Mteja wa Kampala

Wiki iliyopita nilifunga mkataba na mfanyabiashara wa Kampala anayeagiza vipuri vya magari kupitia bandari yetu ya Mombasa. Mkataba wa mwaka mzima, si kontena moja na kwaheri. Hatujaonana mpaka leo. Nilipomuuliza kwa nini aliwaruka wenye maofisi ya Moi Avenue akaja kwangu mimi mwenye chumba kimoja Mwembe Tayari, alinieleza kwamba usiku ule alikuwa na barua pepe za mawakala kadhaa, meli imekaribia kufunga gati, na barua yangu peke yake ndiyo iliyokuwa na namba aliyoweza kuipiga pale pale. Wenzangu walikuwa wamemwachia maneno ya simu zao tu: imetumwa kutoka Galaxy yangu, imetumwa kutoka iPhone yangu.

Nimefurahi, na sitajifanya sikufurahi. Kazi hii ya kutoa mizigo bandarini ina watu wengi mno, na wengi wao wana majina makubwa kuliko langu. Lakini mteja wa Kigali, Juba au Guangzhou haoni ofisi yako wala gari lako. Anachokiona ni barua. Naandika haya kuhusu sahihi ya barua pepe, yaani ile mistari ya jina na namba inayojiweka yenyewe chini ya kila barua, kwa wenzangu mnaotafuta wateja nje ya kisiwa hiki, maana najua njaa yenu ni ile ile yangu.

Ila kwanza nitoe la moyoni. Nilipokuwa karani katika kampuni moja ya forodha hapa mjini, barua zote niliandika mimi. Hati ya shehena ikikosewa uzito, mimi ndiye niliyewaandikia watu wa meli. Mteja akilalama kwamba siku za bure za kontena, kabla ya kuanza kutozwa, zinakwisha, mimi ndiye niliyembembeleza mpaka akalala. Lakini chini ya kila barua kulikuwa na jina la bosi, cheo cha bosi, namba ya bosi na picha ya jengo. Niliomba jina langu liongezwe, hata kwa herufi ndogo. Nikaambiwa karani hana haja ya sahihi. Basi siku niliyoondoka, wateja niliowahudumia miaka nenda miaka rudi hawakujua kwamba nimeondoka, kwa sababu hawakujua kwamba niliwahi kuwapo. Shukrani zao zote zilimwendea mtu ambaye hakufungua faili zao hata mara moja. Wallahi bado linanichoma. Kama umeajiriwa na unasoma hapa, dai jina lako likae chini ya kazi yako. Kwa adabu, lakini lidai.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sahihi ya barua pepe mara nyingi haikai kwenye anwani yako. Inakaa kwenye programu unayoandikia. Gmail ya kwenye kompyuta ina sahihi yake, Gmail ya simu ina pahali pake pa kuweka sahihi, Outlook ina yake, na ile programu ya barua inayokuja na iPhone nayo ina yake. Ndiyo maana mtu anaipamba sahihi kwenye kompyuta ya ofisini, anaridhika, halafu anajibu wateja kutoka kwenye simu na barua zote zinakwenda uchi. Mimi naishi Likoni. Barua zangu nyingi naziandika nikiwa kwenye foleni ya feri au katikati ya maji, mkono mmoja simu, mkono wa pili mkoba. Kwa hiyo kwangu sahihi ya simu ndiyo kubwa, ya kompyuta inafuata. Ukijichunguza utakuta nawe ni vivyo hivyo. Anza na simu.

Kwenye Gmail ya Android, fungua menyu ile ya vistari vitatu, shuka hadi mipangilio, chagua anwani yako, kisha utafute sahihi ya simu. Andika, kubali, umemaliza. Kama una anwani mbili, ya biashara na ya nyumbani, lazima uiweke kwa kila moja peke yake, na afadhali zisifanane, maana shangazi yako hahitaji kujua cheo chako. Kwenye iPhone, ukitumia programu ya Apple yenyewe, sahihi haiwekwi ndani ya programu ile. Inawekwa kwenye mipangilio ya simu, upande wa Mail. Hapo utachagua sahihi moja kwa anwani zote au kila anwani na yake. Usipogusa kitu, simu itaendelea kuitangaza Apple bure kwa jasho lako. Outlook ya simu nayo ina tangazo lake, inamwambia mteja wako aende akaipakue. Lifute.

Sahihi ya Gmail ya simu ni maneno matupu. Haichukui nembo, haichukui rangi. Kuna vijana wanaolalamika kwa hilo. Mimi naona ni neema, na nitaeleza sababu.

Sasa kompyuta. Kwenye Gmail bofya gurudumu la mipangilio, fungua mipangilio yote, shuka mpaka sehemu ya sahihi, unda mpya. Hapo kuna mambo mawili yanayowaponza watu. La kwanza, kuunda sahihi hakutoshi. Lazima uiambie Gmail itumike kwenye barua mpya na pia kwenye majibu, ni visanduku viwili tofauti. Kisha ushuke hadi mwisho kabisa wa ukurasa ubofye kuhifadhi mabadiliko. Ukifunga ukurasa bila kushuka, kazi yako imepotea.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi kwa sababu wachache wanaliona. Unapojibu barua, kwa kawaida Gmail huitupa sahihi yako chini kabisa, baada ya maneno yote ya nyuma yaliyonukuliwa, na mteja haioni mpaka abofye vile vidoti vitatu. Nani anabofya vidoti? Kuna kisanduku pale pale kwenye mipangilio kinachoileta sahihi juu ya maneno yaliyonukuliwa na kuondoa vile vistari viwili vinavyoitangulia. Kitie alama. Katika kazi yetu barua moja inazungukazunguka kati ya mteja, watu wa meli, mwenye lori na karani wa forodha mpaka inakuwa ndefu kama treni ya Naivasha. Sahihi iliyofukiwa chini ya yote hayo ni sawa na kutokuwa nayo.

Wa Outlook mjue hivi: ile ya zamani ya Windows huhifadhi sahihi kwenye folda ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye AppData, folda iliyofichwa, kwa jina Signatures. Kabla hujaiuza laptopu au kumpelekea fundi aifute, nakili folda hiyo. Outlook mpya na ile ya kwenye kivinjari huiweka kwenye akaunti, kwa hiyo hizo hukufuata unapobadilisha mashine. Na ukitumia kompyuta ya saiba, fungulia barua zako kwenye kivinjari, sahihi yako itakuwapo, kisha ukumbuke kutoka. Basi kwa Outlook.

Ndani ya sahihi uweke nini? Mistari minne. Si mimi niliyeitunga. Mwaka 1995, katika mwongozo wa adabu za intaneti unaojulikana kama RFC 1855, ilishauriwa sahihi iwe fupi, isizidi mistari minne. Wakati huo watu walilipia muda wa kuunganishwa, na maneno ya ziada yalikuwa gharama kwa mpokeaji. Siku hizi gharama ni subira yake. Yangu ina jina langu kamili, kisha kazi yangu na mji na nchi, kisha namba ya simu, kisha kiungo cha WhatsApp. Kiungo hicho ni wa.me, mkwaju (/), halafu namba yako kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mteja akikigusa, mazungumzo yanafunguka.

Kwenye namba, tafadhali, nawaomba kwa yote mnayoyaheshimu: anzeni na +254. Mtu wa Kampala akiona 07 anapiga 07, na Uganda nako namba za simu za mkononi zinaanza na 07. Atampata Mganda mwenzake aliyelala, atamwomba radhi, na ataendelea na wakala mwingine. Wewe hutajua kamwe. Utakaa Mombasa ukisema biashara ni ngumu.

Sasa nembo na picha. Najua mna nembo nzuri, najua mlilipa. Lakini sahihi iliyotengenezwa yote kama picha ina balaa. Outlook ya mpokeaji inaweza kuzuia picha, akabaki na kisanduku kitupu. Namba iliyo ndani ya picha haiwezi kuguswa ikapigwa, wala kunakiliwa. Halafu picha hugeuka kiambatisho. Nimeshapokea barua yenye image001, image002, image003, nikawa natafuta ankara na orodha ya vifurushi katikati ya nembo za watu, na huku kontena linahesabiwa siku. Tena nembo ya maandishi meusi isiyo na mandhari hupotea kabisa kwenye simu iliyowekwa skrini ya giza. Ukitaka nembo lazima, iwe ndogo, iwe na mandhari nyeupe nyuma yake, na maneno yote muhimu yaandikwe nje yake.

Na misemo. Methali, aya, maneno ya wahenga, maua, bendera. Jamani, barua ya kazi si leso, haihitaji jina la kumsuta jirani. Nimeona wakala anayemwandikia mteja kuhusu ushuru uliozidi, na chini yake kaandika kwamba subira huvuta heri. Mteja alikasirika zaidi. Vilevile lile fungu refu la kutisha kwamba barua hii ni ya siri na ukiipata kwa makosa uifute: kama mwajiri wako au mwanasheria wako hakulitaka, liondoe, maana kwenye simu linajaza skrini nzima na jina lako linapotelea juu.

Ukishamaliza, jaribu. Jitumie barua kutoka kila kifaa kwenda kwenye anwani nyingine, uifungue kwenye simu ya mtu mwingine, si yako. Gusa namba uone kama inapiga. Jibu barua, si kutuma mpya tu, maana nimeshasema majibu yana kisanduku chao. Vijana wengi wanaishia kwenye barua mpya wanadhani wamemaliza. Hamjamaliza. Uvivu mdogo kama huu ndio unaotufanya tubaki makarani wa watu wenye bidii kidogo tu kuliko sisi, na mimi nimekataa, nanyi mkatae.

Namba ikibadilika, au ukihama ofisi, pita tena kote: simu, kompyuta, kishikwambi kama unacho, na ile simu ya zamani uliyompa mdogo wako ikiwa na anwani yako ya kazi ndani. Kwenye hiyo ya mwisho, anwani yako itoe kabisa.