Begonia za kuning'inia hazioti

SWALI: Shikamoo mama. Niko Tukuyu, baraza letu halipati jua. Nilipanda mbegu za begonia za kuning'inia, nikazifukia vizuri. Mwezi umepita, kimya. Nimeuziwa mbegu mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nadhani mbegu hazina kosa, ila umezizika. Mbegu ya begonia ni laini kama vumbi, na huhitaji mwanga ili iote. Chekecha mboji, ijaze kwenye trei yenye matundu, ilowanishe kwanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu, basi. Funika kwa nailoni angavu, ndani ya nyumba, penye mwanga bila jua kali na joto la nyuzi 20 hadi 24. Baridi yetu ya Juni na Julai iache ipite.

Miche huchomoza baada ya wiki 2 au 3, na hapo ndipo wengi huiua kwa kuimwagia maji kwa juu. Tafadhali usifanye hivyo! Weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo, mboji inyonye kutoka chini, kisha uitoe. Nailoni ifunue kidogo kidogo kila siku, maana ukungu huikata miche shingoni.

Maua subiri miezi 4 hadi 6. Vikapu vitundike mbali na michirizi ya bati. Kwa mvua za Tukuyu, mizizi itaoza.