Mwanamke wa Isdalen: nawajibu maswali yenu

Kwa ambao hawakufuatilia: tarehe 29 Novemba 1970, baba mmoja na binti zake wawili walikuwa wanatembea bonde la Isdalen, pale Bergen, Norwei, wakakuta mwili wa mwanamke umeungua upande wa mbele. Mpaka leo hana jina. Maswali ni mengi, nachukua machache.

Kaka, polisi si walisema alijiua? Mbona wewe unashikilia aliuawa?
Walisema hivyo ndio, na tumboni kweli alikutwa na vidonge vya usingizi kama 50 na zaidi. Ila kwenye mapafu kulikuwa na masizi, maana yake moto unawaka yeye bado anapumua, halafu shingoni ana alama ya kuumia. Sasa mtu kabugia vidonge vyote hivyo, yuko hoi, anajiwashaje moto mwenyewe huko porini? Hapo ndo mimi nakwama. Nguo alizokutwa nazo zilikuwa zimekatwa lebo, ila hilo wala halinisumbui sana, maana hata nguo za kwenye masanduku yake zilikatwa lebo, inawezekana alikuwa anakata mwenyewe.

Walijuaje alikopita wakati jina hawana?
Hapa polisi walifanya kazi jamani. Stesheni ya treni Bergen walikuta masanduku yake mawili kwenye sehemu ya kuhifadhia mizigo, ndani kuna mawigi, na miwani ina alama ya kidole chake. Kulikuwa pia na mfuko wa plastiki wa duka la viatu la Stavanger, wakaenda, muuzaji akamkumbuka vizuri tu, yule dada alichukua muda mrefu kuchagua mabuti ya mvua. Kutoka dukani wakafika hotelini, kumbe kajiandikisha Fenella Lorch, na Bergen hoteli ya mwisho alijiita Elisabeth Leenhouwer, majina yote feki. Kwenye masanduku walikuta pia kidaftari chake chenye herufi na namba za siri, nacho kikaja kufumbuliwa, ni tarehe na miji aliyopita.

Alikuwa jasusi?
Sijui kwanini kila mtu anakimbilia huko. Majina ya uongo hata anayemkimbia mume anatumia.

Siku hizi kuna DNA, wanashindwa nini?
Hawajashindwa, dada. Taya lake lilihifadhiwa, kesi ikafufuliwa 2016, vipimo vya meno vikaonyesha alizaliwa mwaka 1930 hivi, maeneo ya Nuremberg, Ujerumani, na utotoni akahamia Ufaransa au karibu na mpaka wake. DNA wanayo, kinachokosekana ni ndugu wa kulinganisha naye. Yule mwanamke aliyekutwa kwenye matuta ya mchanga Provincetown, Marekani, mwaka 1974, alipata jina lake 2022 kwa njia hiyohiyo ya kufuatilia ukoo. Na huyu wa Isdalen walimzika Februari 1971 kwenye jeneza la zinki, wakapiga na picha za mazishi, makusudi kabisa ili siku ndugu wakijitokeza waoneshwe, na wakitaka wamhamishe.