Kabla hamjarekodi albamu ya hisani, kaeni mkubaliane

Miaka michache iliyopita, sisi wapiga muziki wa hapa Morogoro tulitoa albamu ya pamoja kuwachangia watoto wenye selimundu (siko seli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyimbo kumi na mbili, za vyombo visivyotumia umeme: magitaa makavu (galatoni, wazee wanavyoyaita), marimba ya Kigogo (yale ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze, filimbi na manyanga. Tangu hapo napigiwa simu na vijana wa mikoa mingine wanaotaka kufanya kitu kama kile, na karibu wote huanza kwa kuniuliza studio gani ni nzuri. Huwa nawaomba tuiache studio kwanza, tuzungumze habari ya fedha.

Wazo letu lilitoka kwa mpiga gitaa mwenzetu ambaye mwanawe ana ugonjwa huo. Tulikuwa tukimwona anavyokosa mazoezi kila mtoto anaposhikwa na maumivu ya mifupa, hasa miezi ya baridi. Kupitia kwake tukajua kumbe dawa ya haidroksiurea inamezwa kila siku, kliniki ina tarehe zake, na mama anayeshuka kutoka vijiji vya juu vya Uluguru anaweza kuikosa tarehe kwa sababu ya nauli tu. Basi tukaamua: nauli na dawa, kwa watoto wa kliniki moja, kwa mwaka mmoja. Nawasihi na nyie mchague lengo linalohesabika namna hiyo. Mkisema mnasaidia "watoto wagonjwa", hamtajua mmefika lini, na mchangiaji naye hatajua.

Lengo tulilipata vizuri. Tulipokosea ni kwenye neno "yote". Tulitangaza kwamba mapato yote yatakwenda kwa watoto, tukalirudia redioni, na hakuna aliyejiuliza maana yake. Wiki ya pili ya kurekodi, mzee wetu wa marimba aliniita pembeni.

"Mwanangu, wimbo nimewapa bure, na sitaki hata senti moja. Ila hii bodaboda ya kuja na kurudi, na marimba yangu mgongoni, nani analipa?"

Nilimjibu, "Nitalipa mimi, mzee."

"Leo utalipa wewe. Na wale kumi wengine?"

Alikuwa na haki kabisa. Fundi mitambo naye alikuwa na umeme wa kulipia, flashi za kuuzia nyimbo zilikuwa zinanunuliwa, na ukumbi wa uzinduzi ulihitaji kutangulizwa fedha. Kila shilingi iliyotoka ilikuwa inaivunja ahadi tuliyoitoa hadharani. Ilitubidi turudi kwa wasikilizaji na kuwaambia wazi kwamba gharama zitakatwa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kitakwenda kliniki. Tuliona aibu, lakini hakuna aliyetukasirikia. Wachache waliniambia ndiyo kwanza wametuamini.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja tu, ya Kiswahili rahisi, kabla gitaa halijatolewa kwenye mfuko. Iseme gharama zipi zitakatwa na zisizidi kiasi gani. Iseme msanii atalipwa nauli na chakula, au hatalipwa. Iseme fedha inakaa wapi: sisi tulifungua akaunti yenye jina la kikundi na waweka saini watatu, na lipa namba ikawa ya kikundi vilevile. Msikubali michango iingie kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu kuliko wote. Siku akiugua au akigombana na mwenzake, albamu nzima inakwama pale.

Msidhani haya ni matatizo ya watu wadogo. Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison, aliyekuwa mpiga gitaa wa Beatles, na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, walifanya matamasha mawili kwa siku moja pale Madison Square Garden, New York, kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za mlangoni zilipitia UNICEF. Lakini zile za albamu na filamu, ambazo zilikuwa nyingi zaidi, zilikwama kwa miaka katika mambo ya kodi Marekani, kwa sababu taratibu za kisheria za hisani hazikukamilishwa mapema. Muziki ulikuwa tayari, wasikilizaji walinunua, na wenye njaa wakaendelea kusubiri. Huwa nawasimulia kisa hiki wale wanaoniambia kwamba karatasi zitafuata baadaye.

Sasa nyimbo zenyewe. Kila msanii atasema wimbo ni wake, na mara nyingi ni kweli. Lakini wapo waliorithi wimbo kwa mwalimu, kwa babu, au wanaotaka kupiga wa marehemu fulani kwa heshima. Kijana mmoja alitaka kupiga wa Mbaraka Mwinshehe, yule gwiji wa gitaa wa Morogoro Jazz, na kwa mji huu hilo ni jambo la kawaida mno. Akaamini kwamba kwa vile Mbaraka alifariki zamani, nyimbo zake ni za kila mtu. Mbaraka alifariki Januari 1979. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda utunzi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu, bado hatujafika. Nendeni COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, mkaulize kabla ya kurekodi, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, muwe mmejisajili, maana uzinduzi nao unataka kibali.

Hata hivyo ugomvi wetu mkubwa haukutoka kwenye wimbo wa mtu maarufu. Ulitoka kwenye wimbo wa mavuno wa Kiluguru, uliotungwa na mzee aliyekwisha kufariki. Mwanawe wa kumzaa alitupa ruhusa kwa moyo mweupe, tukarekodi. Kumbe Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na wajomba na wapwa wa marehemu waliona wamerukwa. Walikuja wanne, wakakaa barazani kwangu tangu asubuhi. Hawakudai fedha. Walitaka jina la marehemu litajwe kamili, pamoja na ukoo wake, na walitaka waulizwe. Tulirudia kazi ya jalada kwa gharama ambayo hatukuipanga, na ninafurahi kwamba tulifanya hivyo. Kwa wimbo wa marehemu, mtafuteni msimamizi wa mirathi kwa ajili ya sheria, na mkawasalimie wakubwa wa ukoo kwa ajili ya utu. Fanyeni yote mawili.

Kurekodi ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Hatukuwa na uwezo wa kukodi studio wiki nzima, tukaazima darasa la shule kuanzia saa mbili usiku. Paa la bati ni adui. Mvua ya Uluguru haipigi hodi, na tone la kwanza tu likigonga bati, kazi imekwisha kwa usiku ule. Tulizunguka kuta kwa magodoro, tukaning'iniza blanketi na khanga nzito madirishani, na mwangwi wa darasa ukapungua hadi sauti ya gitaa ikasikika kama imekaa karibu na sikio. Vyura wa bondeni hatukuwaweza; katika wimbo wa saba wamo, na sasa siwezi kuufikiria wimbo ule bila wao.

Marimba yalitupa somo. Vyuma vyake vimefuliwa na kupangwa na mwenyewe kwa sikio la Kigogo, na sauti zake haziendi sawa na za gitaa la dukani. Fundi wetu, kijana hodari wa kompyuta, alitaka kuzinyoosha kwa programu. Tulimsikiliza mara moja, na marimba yale yakapoteza mvumo wake wote, yakawa kama kengele ya mlangoni. Tukafanya kinyume: gitaa likafunguliwa nyuzi na kuyafuata marimba. Ilichukua nusu saa na wimbo ukatulia. Chombo kisichobadilika kiongoze, kinachoweza kukazwa na kulegezwa kifuate. Vilevile, wazee msiwafungie mdundo wa mashine masikioni. Waacheni wapige pamoja, wakitazamana, hata mwendo ukipanda kidogo mwishoni. Nyuzi mpya za gitaa zifungwe siku mbili kabla ili ziache kuteleza.

Nyimbo zilizorekodiwa siku mbalimbali na kwa vinasa sauti mbalimbali huwa na sauti za juu na chini. Mtafuteni mtu mmoja azisawazishe zote kwa pamoja mwishoni. Hapo toeni fedha, msibane.

Kuhusu kuuza: wekeni mtandaoni, ni vizuri, lakini msipangie bajeti ya dawa fedha za huko. Kwetu, usiku mmoja wa uzinduzi, na flashi zilizouzwa mkononi baada ya ibada na baada ya swala ya Ijumaa, viliingiza zaidi kuliko miezi yote ya mtandaoni. Bei tuliiweka ya chini na tukaacha nafasi ya mtu kuongeza. Waliongeza, hasa kina mama.

Jambo moja nililishikilia na sitalilegeza: hakuna uso wa mtoto mgonjwa kwenye jalada. Tulishauriwa na watu wa biashara kwamba picha ya mtoto akiwa kitandani itauza haraka. Yule mtoto atakua, atakwenda sekondari, na picha itamfuata. Jalada letu lina marimba yaliyoegemezwa kwenye kiti cha darasani.

Fedha ilipokwisha nilibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo wa kliniki: iliyoingia, gharama, nauli ngapi zimelipwa, dawa za miezi mingapi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama akaisoma hadi chini, akafuata mistari kwa kidole. Alipomaliza akaniuliza kama ile flashi yenye wimbo wa mavuno bado ipo, kwa kuwa marehemu alikuwa mjomba wake.