Bawa la mbao: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Michoro mingi ya ndege za kujijengea huonyesha bawa likiwa limeshakamilika. Hapo ndipo mjenzi hukwama: vipande anavyo vyote, ila hajui aanze na kipi. Sisi tunashika kanuni moja. Kabla hujapaka gundi mahali popote, jiulize ni kitu gani mkono na jicho havitakifikia tena baada ya hapo. Hicho ndicho kinachotangulia.

Kwa anayejenga Mtwara, mwezi wa kazi nao una uzito wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Mbao za ndege hutakiwa ziwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 wakati wa kugundishwa, na hewa ikidumu kwenye unyevu wa asilimia 80, mbao hufika karibu 16. Plaiwudi iliyogundishwa ikiwa imevimba hujikaza kiangazi kikiingia, ikavuta mbavu (vipande vinavyolipa bawa umbo lake) na kulisokota bawa. Kwa hiyo miezi ya mvua ifanyie mbavu, vipande vikikaa kwenye kabati lenye balbu ya kutoa joto, na kufunga ngozi ya plaiwudi, ile ya ukingo wa mbele wa bawa, kupange kati ya Juni na Septemba.

Mbavu zitangulie pia kwa sababu zinafundisha gundi. Tengeneza kalibu moja, na utoe ubavu mmoja au mbavu mbili za ziada kwa ajili ya kuzivunja. Kiungo kizuri huchanika mbao, gundi ikabaki imeshika nyuzi zake. Gundi ikiachia safi na kung'aa, basi mbao ilishikwa na mikono yenye mafuta, au ilipigwa msasa hadi ikawa kama kioo, au klempu ilikazwa mno ikaikamua gundi yote. Epoksi inataka mbao zigusane tu. Kumbuka pia joto letu: likipanda nyuzi 10, muda wa kuitumia gundi uliyochanganya hupungua karibu nusu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Mihimili miwili, wa mbele na wa nyuma, ndiyo inayobeba bawa. Nyuzi za mbao zisipinde zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Mninga na mvule vinajenga mashua na milango mizuri, lakini mninga ni mzito kama mara moja na nusu ya mbao ya spruce inayotajwa kwenye michoro mingi. Usibadilishe aina ya mbao bila hesabu za aliyebuni ndege. Paini ya Sao Hill itumie kwenye meza ya kujengea. Meza hiyo iwe ndefu kupita bawa, miguu yake isimame juu ya zege na si mchanga, na usawa wake upimwe upya kwa mpira wa maji kila kabla ya hatua kubwa.

Mtego mkubwa uko hapa. Mbavu huvishwa kwenye mhimili kwa kutelezeshwa kutokea nchani. Vibao vya kuongezea unene, vile vinavyokaa penye bolti za shinani na penye nguzo ya bawa, vikigundishwa mapema, ubavu haupiti tena. Itabidi uukate, na ubavu uliokatwa na kuungwa si ubavu ule uliojaribiwa kwenye hesabu. Pitisha kwanza mbavu zote bila gundi, kila mmoja karibu na alama yake, ndipo ugundishe vibao. Matundu ya bolti toboa mihimili ya kushoto na kulia ikiwa imebanwa pamoja, ili yalingane. Na kila hatua ifanye kwa mabawa yote mawili, ukiandika KUSHOTO na KULIA kwenye kila kipande. Kujenga mabawa mawili ya kushoto ni kosa linalojulikana sana kwenye kazi hii.

Sasa weka nguzo za kati na waya za mshazari, bado bila gundi kwenye mbavu. Pima mishazari miwili ya kila chumba, yaani nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, kwa ufito ule ule mmoja, si kwa futi ya kuvuta, ukikaza waya mpaka tofauti iwe chini ya milimita 1. Kisha pima msokoto wa bawa, shinani na nchani, kwa pimamaji juu ya kibao kilichochongwa kufuata umbo la ubavu. Hapa usiwe na haraka. Plaiwudi ya ukingo wa mbele ikishagundishwa, msokoto uliopo umefungwa humo moja kwa moja, uwe sahihi au usiwe.

Mbavu zikishagundishwa, maliza ya ndani yote: roda na waya za eleroni (vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoinamisha ndege kushoto au kulia), mabano ya bawaba, bomba la kupimia mwendo, matundu ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya kila chumba. Paka vanishi, hata ndani ya matundu ya bolti, maana hewa ya chumvi huanzia hapo. Funika kwa utepe sehemu zitakazopokea gundi. Vanishi ipakwe alasiri joto linaposhuka; asubuhi mbao inapopashwa, hewa iliyomo hutanuka na kutoa mapovu. Mkaguzi alione bawa likiwa wazi. Mambo hayo kubalianeni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya ujenzi kuanza.

Kabla ya kufunga, paka chaki kwenye fito za mbavu, bandika plaiwudi bila gundi, uibandue. Pasipo na chaki hapagusi.

Kitambaa ni cha mwisho, baada ya bawa kujaribiwa kwenye kiwiliwili cha ndege. Funga kwanza utepe wa kuzuia mbavu zisiinamie upande, visha kitambaa pande zote mbili, ndipo upige pasi kitambaa hicho cha polista kwa awamu, joto la nyuzi 120 za Selsiasi, kisha 150, kisha 175, ukibadilisha juu na chini. Upande mmoja ukikazwa peke yake, ukingo wa nyuma hupinda, na kuunyoosha ni mpaka kitambaa kitolewe.