Maswali Yenu: Redio inatuma, mbona gari halionekani?

SWALI: Mhariri, nina leseni ya redio ya ridhaa. Nimefunga traka ya APRS (kifaa kinachotangaza kwa redio mahali gari lilipo) kwenye Land Cruiser, pamoja na GPS na redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R. Kila baada ya dakika 2 taa nyekundu ya redio inawaka, ila nikifungua ramani ya aprs.fi gari silioni. Nimekosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Huenda hujakosea kitu. APRS ni tangazo, si simu: redio inataja mahali ilipo kisha inanyamaza, bila kujua kama kuna aliyesikia. Gari litafika kwenye ramani pale tu ambapo tangazo lake linafika kwenye aigeti, yaani kituo kinachosikiliza masafa hayohayo na kupeleka intaneti kila kinachokipata. Kwetu Afrika, kama Ulaya, masafa hayo ni 144.800 MHz. Maelekezo mengi mtandaoni ni ya Wamarekani, na wao hutumia 144.390, kwa hiyo anza kukagua hapo.

Kisha pima nyumbani. Chukua redio ya pili, iweke kwenye masafa yako, unganisha tundu lake la spika na tundu la maiki la kompyuta, sauti ikiwa chini, na uwashe Direwolf, programu inayogeuza milio ya traka kuwa maandishi. Alama yako ya wito ikitokea kwenye skrini ikiwa na -9 mwishoni (ndiyo desturi ya magari), traka ni nzima na kinachokosekana ni aigeti. Direwolf hiyohiyo, ukiipa intaneti na namba ya siri ya APRS-IS (mtandao wa intaneti unaokusanya matangazo haya), inakuwa aigeti yako.

Isipotokea, mshukiwa wa kwanza ni sauti kubwa kupita kiasi. Paketi, yaani tangazo moja la traka, ni milio miwili tu, wa Hz 1200 na wa Hz 2200, ikipishana hadi mara 1200 kwa sekunde. Ukiisukuma sana kwenye maiki, mawimbi yake hukatwa vichwa, na hakuna modemu (kifaa au programu ya kusoma milio hiyo) itakayoisoma, hata kama sikio lako linaisikia safi kabisa. Pandisha kitufe cha sauti cha traka taratibu huku ukisikiliza redio ya pili. Pale inapoacha kuongezeka umeshapitiliza. Rudisha nyuma hadi ipungue waziwazi.

Pia ongeza TXDelay, yaani muda ambao traka husubiri kabla ya kuanza ujumbe wenyewe, hadi milisekunde 300 au zaidi, maana redio huchelewa kidogo kufunguka na mwanzo wa paketi unapotea. Kwenye UV-5R weka menyu ya 5 (WN, upana wa chaneli) iwe WIDE, na kwenye redio inayopokea zima menyu ya 3 (SAVE, kuokoa betri), la sivyo itakuwa imesinzia paketi inapopita.

GPS nayo: moduli nyingi za bei nafuu huongea na traka kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde wakati traka nyingi za zamani husubiri 4800. Hapo traka inaweza kutuma paketi isiyo na mahali, na taa inawaka vilevile.

Antena ya mpira ndani ya gari iache. Bodi ya chuma inaimeza, na mawimbi yanarudi kuivuruga GPS. Fimbo ya sentimita 49 yenye kitako cha sumaku, katikati ya paa, inatosha.

SWALI: Nina malori 3 ya mizigo. Naweza kuyafuatilia kwa njia hii ili niepuke ada za kila mwezi, tena wezi wasione yalipo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, kwa yote mawili. Leseni ya ridhaa hairuhusu kazi ya biashara, wala kuficha ujumbe kwa msimbo. Mahali gari lilipo husomwa na yeyote mwenye redio au intaneti. Kwa malori tumia traka ya laini ya simu. Njia yao ikipita sehemu ndefu zisizo na mtandao, chagua inayohifadhi kumbukumbu na kuzituma mtandao ukirudi.