Hiyo si mandshurica

Ua ulilolipiga picha kwenye njia ya msituni kule Mlima Takao, Japani, si Viola mandshurica (spishi mojawapo ya maua madogo ya viola) kama ulivyodhani, ndugu. Naona ni Viola grypoceras, Wajapani huiita tachitsubosumire, na imejaa tele kwenye misitu yao. Majani yake yana umbo la moyo. Ya mandshurica ni marefu membamba, na kikonyo chake kina kingo zilizotanuka kama mabawa.

Ila alama ya kuaminika iko chini: pale kikonyo cha jani kinapokutana na shina kuna vijani viwili vidogo vilivyochanika kama meno ya kitana. Picha yako ya pili inavionyesha vizuri tu. Tena mmea wako una shina lililoinuka lenye majani, mandshurica haina. Majani na maua yake huchomoza moja kwa moja ardhini.

Rangi usiitegemee sana, hubadilikabadilika. Ukipita tena, kagua vikonyo vya maua. Vikiwa na vinyweleo vifupi, ua linanukia na katikati pana weupe wa wazi, basi hiyo ni Viola obtusa, jamaa yake wa karibu.