Kukaanga hazelnati hakumwokoi mtoto mwenye mzio

Dada, umesema mwanao alivimba midomo baada ya kula mkate uliopakwa chokoleti yenye hazelnati, zile kokwa ndogo za mti kutoka nje, na jirani yako hapo Sakina, Arusha, amekushauri umpe zilizokaangwa tu, eti moto unaua kinachomdhuru. Nakuomba usijaribu. Hazelnati za kwenye kopo lile zilishakaangwa kiwandani kabla ya kusagwa. Mwanao amedhuriwa na zilizokwisha pita motoni.

Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Moshi, lakini mambo haya niliyasoma kwa kulazimika. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka minne, alilamba kijiko kimoja cha chokoleti kama hiyo. Sijamaliza hata kuosha vikombe, akaanza kujikuna shingo kama aliyeguswa na upupu. Yakamtoka mabaka, akatapika, kisha pumzi ikaanza kupiga mluzi. Zahanati ya kwanza wakasema ni minyoo. Tulipofika hospitali daktari akamchoma adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, pajani, na nikaona rangi inamrudia usoni.

Hazelnati ina protini kadhaa zinazoleta mzio, na tabia zake hazifanani. Wataalamu wanaziita Cor a, kutokana na jina la mti wenyewe, Corylus avellana, halafu wanaongeza namba. Cor a 1 ni dhaifu: joto linaifumua, na asidi ya tumboni inaimaliza. Mtu mwenye mzio wa hiyo kwa kawaida huwashwa mdomo na koo anapotafuna hazelnati mbichi, lakini zilizokaangwa wengi wao hula bila shida. Hao ndio waliozaa ushauri wa jirani yako. Ila wengi wao ni watu wa Ulaya ya kaskazini, ambao mzio wao ulianzia kwenye chavua ya mti uitwao betula, na protini ya chavua hiyo inafanana na Cor a 1. Mtoto aliyekulia Arusha hajaishi chini ya miti hiyo, kwa hiyo mimi ningeanza kushuku kwingine.

Ningeshuku Cor a 14. Hii ni protini ya akiba, chakula ambacho mbegu imejiwekea ili iote. Ni ndogo, na ina minyororo miwili iliyoshikanishwa kwa vifungo vya salfa. Umewaona akina mama wakipandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare kwenda Kibosho? Tita lililofungwa ovyo linamwagika kwenye kilima cha kwanza. Lililokazwa kwa kamba nne unaweza kulitupa juu ya gari na kulishusha, likafika bandani na umbo lilelile. Cor a 14 ina vifungo vinne vya namna hiyo. Tanuri haliifumui kirahisi, na pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini, inahangaika nayo, hivyo inaweza kufika kwenye utumbo na kuingia kwenye damu ingali na umbo ambalo kingamwili za IgE zinalitambua. Hapo seli zinamwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na mwili mzima unalipuka, siyo mdomo peke yake. Cor a 9 nayo ni ya akiba, kubwa zaidi, imejengwa kwa vipande sita, na pia huvumilia joto.

Kwa hiyo ukimpeleka kwa daktari, uliza kama kipimo cha damu kinaweza kuonyesha ni protini ipi hasa. Sampuli huenda ikasafirishwa mbali, lakini jibu lake lina thamani. Waulize na habari ya karanga. Karanga ni jamii ya kunde, ila ina protini za ukoo mmoja na Cor a 14. Hilo halimaanishi umnyime kwa kubahatisha. Wangu alipimwa, na uji wa karanga anakunywa mpaka leo.

Dukani soma kopo lote, maana bidhaa nyingi zinatoka nje. Kituruki wataandika fındık, Kifaransa noisette, Kijerumani Haselnuss. Kiarabu ni bunduq, neno ambalo ndilo asili ya bunduki yetu.

Na akipiga mluzi kifuani, au akitapika huku mabaka yanamtoka, usisubiri dawa ya mafua ifanye kazi. Kodi bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, mwende hospitali yenye adrenalini. Ulizia leo ni ipi, kabla hujaihitaji.